Magumu ya Utotoni na Akili ya Kijana: Wanging'ombe na Mkoa wa Njombe

Magumu ya utotoni ni mambo mazito yanayompata mtu kabla ya miaka 18, kama kufiwa na mzazi, kupigwa, kudhalilishwa kingono, kutelekezwa au kushinda na njaa, ambayo huendelea kugusa fikra na hisia zake akishakuwa kijana. Wilayani Wanging'ombe na katika miji jirani ya Njombe na Makambako suala hili lina uzito wa pekee. Utafiti wa kitaifa wa 2011–12 ulikuta asilimia 14.8 ya watu wa miaka 15 hadi 49 mkoani Njombe wana maambukizi ya VVU, kiwango kilichozidi cha mikoa mingine yote nchini, na ule wa 2022–23 ulikuta mkoa bado unaongoza. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure mwaka 2004. Kwa wazazi wengi zilikuwa zimechelewa, na watoto waliowaacha ndio watu wazima wa leo. Tena, takriban nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani wamedumaa, jambo linaloumiza katika mkoa unaovuna mahindi na viazi kwa wingi kiasi hiki.

Mwaka 1998 madaktari Vincent Felitti na Robert Anda wa Marekani walionyesha kuwa kadiri aina za magumu zinavyoongezeka, ndivyo sonona na majaribio ya kujiua yanavyozidi ukubwani. Mtoto anayeishi na tishio kila siku mwili wake humwaga kotisoli, homoni ya msongo, mara kwa mara, na sehemu za ubongo zinazoshughulika na kumbukumbu na kujizuia huweza kudhoofika. Akiwa kijana huweza kusahau maelekezo ya kazi, kukata tamaa upesi, na kuuona uso usio na neno lolote kuwa una hasira. Hata hivyo, kuhesabu matukio peke yake hakutoshi. Kinacholibeba jeraha hadi ujanani, kwa kiasi kikubwa, ni kilichofuata baada ya tukio: nani alibaki na mtoto, na alimlea vipi.

Wapo wanaosema kuwa chanzo ni umaskini tu. Jibu limo katika utafiti wa Kagera, uliowafuatilia hadi 2004 watoto ambao mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwa bado na wazazi wote wawili. Waliofiwa na mama kabla ya miaka 15 walipoteza takriban mwaka mmoja wa shule na sentimita 2 za kimo, wakilinganishwa na wenzao wenye hali kama zao ambao hawakufiwa. Wengine husema, "Sisi tulichapwa tukawa watu." Lakini utafiti wa kitaifa wa 2009 ulikuta karibu robo tatu ya vijana walipigwa utotoni. Kipigo kilichoenea hivyo hakimwachii mtu wa kujilinganisha naye, na utafiti katika shule ya msingi nchini umehusisha adhabu kali na huzuni, na huzuni hiyo na kumbukumbu dhaifu. Pingamizi lenye nguvu zaidi ni kwamba mwenye huzuni hukumbuka utoto wake kwa huzuni. Hilo lingekuwa kweli kama ushahidi wote ungetokana na kumbukumbu. Lakini mjini Bucharest, Romania, kuanzia mwaka 2000, watoto 136 wa vituo vya malezi waligawanywa kwa kura na kufuatiliwa walivyokua. Waliopelekwa kwa familia walikua na akili na hisia zenye afya zaidi kuliko waliobaki vituoni, hasa walipohamishwa kabla ya miaka miwili.

Hivyo bibi wa Wanging'ombe anayelea wajukuu watatu ni sehemu ya tiba, naye anahitaji chakula, bima na mtu wa kumsikiliza. Msaada wa namna hiyo umejaribiwa: Moshi, na Bungoma nchini Kenya, washauri wasio wataalamu wa afya ya akili walifundishwa kuendesha vikao 12 kwa baadhi ya mayatima 640 walioshiriki utafiti, pamoja na walezi wao. Bungoma, tofauti kati ya waliohudhuria na wasiohudhuria ilidumu mwaka mzima baadaye. Moshi, makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu.