Matini Huru na Wazo Lenye Mwenyewe: Historia Fupi ya Programu ya LAME

Historia ya kuhifadhi sauti kwa kompyuta huelezwa mara nyingi kama historia ya mitambo. Makala haya yanaitazama kwa jicho la mwanafunzi wa matini. Hoja yetu ni kwamba LAME, programu iliyowawezesha wenye kompyuta za kawaida kusimba sauti bila malipo, ilitokana na kazi tuliyoizoea katika taaluma yetu: kusoma maandishi ya wengine, kuyasahihisha, na hatimaye kuyaandika upya. Aidha, historia hiyo inadhihirisha kwamba mtu aweza kumiliki kila mstari alioandika na bado asiwe huru kulitumia wazo lililomo.

Kwanza yafaa kueleza haja yenyewe. Sauti katika diski ya CD hupimwa mara 44,100 kwa sekunde katika kila mkondo kati ya mikondo yake 2, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16. Hayo ni takriban megabaiti 10.6 kwa dakika moja. Diski ya kompyuta yenye gigabaiti 2 ingejaa kwa saa 3 na kidogo tu. Sauti hiyo ikisimbwa kwa MP3, kwa kiwango cha biti 128,000 kwa sekunde, diski ile ile hubeba karibu saa 35. Siri yake imo sikioni: sauti kubwa hufunika sauti ndogo iliyo karibu nayo, na programu hukadiria kile ambacho sikio halitakitambua, ikakipunguza au kukiacha kabisa.

Kanuni hii ilikuzwa Ujerumani, hasa katika taasisi ya Fraunhofer mjini Erlangen, ambako Karlheinz Brandenburg alikuwa miongoni mwa watafiti wakuu. Ilichapishwa mwaka 1993 katika kiwango cha kimataifa cha MPEG-1. Pamoja nayo ilitolewa matini ya programu ya mfano, iliyokusudiwa kuonyesha kanuni inavyofanya kazi, wala si kufanya kazi kwa haraka. Watu kadhaa waliichukua matini hiyo wakaunda programu za bure. Mwaka 1998 Fraunhofer iliwaandikia waundaji wa namna hiyo ikidai ada kwa mujibu wa hataza, yaani haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake. Chris Montgomery na wenzake walielekea kuunda kanuni nyingine kabisa, Vorbis, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2002.

Mike Cheng, aliyeanza kazi yake mwaka huo wa 1998, alishika njia tofauti. Hakutoa programu, alitoa masahihisho tu, ambayo mtu aliyekuwa na matini ya mfano angeyapachika mwenyewe. Jina alilolichagua ni ufupisho wa sentensi ya Kiingereza isemayo kwamba LAME si programu ya kusimba MP3. Wakati ule dai hilo lilikuwa kweli, kwani masahihisho peke yake hayasimbi kitu. Lengo la Cheng lilikuwa kuongeza kasi, jambo lenye uzito kwa mwenye kompyuta dhaifu. Mark Taylor alipopokea uongozi alitafuta ubora pia, na toleo la 3.0 la mwaka 1999 likaja na kielelezo kipya cha usikivu wa sikio. Sehemu kwa sehemu matini ya zamani ilibadilishwa, hata Mei 2000 masalio yake ya mwisho yakaondolewa. Tangu hapo jina likabaki mzaha, kwa maana programu iliyojikana ilikuwa imekamilika.

Hata hivyo, uhuru wa matini haukuwa uhuru wa wazo. Hataza hazikujali ni nani aliyeandika mistari, na wenye LAME waliendelea kutoa matini tu, wakiwaachia wengine kazi ya kuigeuza kuwa programu tayari. Utaratibu wa leseni za MP3 ulikomeshwa tarehe 23 Aprili 2017, karibu miaka 17 baada ya matini kuwa yao kikamilifu.

Kwa sisi tunaohifadhi masimulizi na lafudhi, funzo lina pande mbili. Kielelezo cha sikio ni uamuzi wa mtu kuhusu kisichohitajika. Na huenda kisichohitajika kwa msikilizaji wa muziki ndicho anachokitafuta mtaalamu wa fonetiki. Kilichoachwa hakirudi. Nakala ya asili haina budi kuwekwa katika umbo lisilopoteza kitu, kama FLAC ya Josh Coalson iliyofikia toleo la 1.0 mwaka 2001, na MP3 iachiwe nakala za kusikiliza. Lakini uamuzi ulioandikwa wazi, kama ulivyo katika LAME, waweza angalau kusomwa, kuhojiwa na kurekebishwa. Uamuzi uliofichwa hutulazimu kuamini tu, na hifadhi ya lugha haijengwi juu ya imani ya namna hiyo.