Nadharia Iliyotambaa Sebuleni Buganda

Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth aliwasili Kampala akifuatana na mumewe. Alitoka London, alikofanya kazi na daktari John Bowlby, na alikuja na swali: mtoto akiachishwa ziwa, mapenzi yake kwa mama huwaje?

Siku hizo wafuasi wa Sigmund Freud walishikilia kwamba mtoto humpenda mama kwa sababu mama humlisha. Bowlby alilipinga hilo. Ainsworth mwenyewe bado hakuwa amesadiki hoja ya Bowlby.

Akapata familia 26 katika vijiji vya Buganda, jirani na Kampala, zenye watoto 28. Kila baada ya wiki mbili alipiga hodi pamoja na mkalimani, alasiri, saa ambazo mama wa Kiganda ametoka shambani na anapokea wageni sebuleni. Alikaa kama saa mbili akitazama. Mtoto aliteremka mapajani, akatambaa hadi mlangoni, akageuka kuhakikisha mama yupo, kisha akaendelea na safari yake. Akimwogopa mgeni, alirudi mbio na kung'ang'ania gauni la mama. Kumbe alithubutu kwenda mbali kwa kuwa alijua pa kurudi! Na si maziwa tu yaliyomvuta, maana wapo walioshikamana pia na baba au bibi, ambao hawakuwanyonyesha.

Watoto 16 aliwaona wametulia katika mfungamano huo, 7 wana wasiwasi, na 5 bado hawajashikamana na mtu. Waliotulia, mara nyingi mama zao ndio waliowajua kwa undani: kilio kipi ni cha njaa, kipi cha usingizi, mtoto anapenda nini. Kwangu mimi hilo ndilo kubwa kuliko yote aliyoyaona, kwa sababu halihitaji fedha. Linahitaji mlezi anayemsikiliza mtoto asiyejua kusema.

Kitabu chake kuhusu Uganda kilitoka mwaka 1967. Baada ya kuondoka Uganda, huko Baltimore, Marekani, alibuni jaribio la chumba kigeni, ambamo mama hutoka kidogo na kurudi huku mtoto akitazamwa. Jaribio hilo ndilo lililopata umaarufu, na wengi wakadhani nadharia nzima ya mfungamano wa mtoto na mlezi ilizaliwa humo.

Wakufunzi wa vyuo vyetu vya ualimu, mnapofundisha makuzi ya mtoto, anzeni somo hili Buganda, kwa wale mama waliofungua milango yao.