Paneli ya sola ya kutengenezwa nyumbani

Paneli ya sola ya kutengenezwa nyumbani ni paneli ambayo fundi huiunda mwenyewe: hununua seli moja moja, huziunganisha kwa lehemu, kisha huzifungia nyuma ya kioo kwa plastiki inayoyeyushwa kwa joto. Kule kufungia ndiko laminesheni. Maelekezo mengi humaliza maneno kwenye kuunganisha seli na kuipitia laminesheni juu juu, ilhali hiyo ndiyo inayoamua kama paneli itadumu miaka 20 au itakufa masika ya kwanza.

Seli ya silikoni, iwe nzima au kipande, hutoa takribani volti 0.5 ikiwa kazini. Ukubwa wake huongeza ampea, si volti. Ndiyo maana paneli ya kuchaji betri ya volti 12 huwa na seli 36 zilizofuatana, ili zifikishe volti 18 hivi. Seli ya milimita 156 kwa 156 hutoa karibu wati 4, kwa hiyo 36 hukaribia wati 150. Mwenye fedha kidogo hununua zilizovunjika, na hapo pana mtego: katika mfululizo, kipande kidogo kuliko vyote ndicho kinachopanga ampea za paneli nzima. Vipande vichambuliwe kwa ukubwa kabla lehemu haijashika moto.

Seli ina unene wa milimita 0.2 hivi na huvunjika kwa kuegemewa tu. Utepe wa shaba hulehemiwa juu ya seli moja na kupitishwa chini ya inayofuata. Shaba hutanuka kwa joto kuliko silikoni, basi huachwa milimita 2 au 3 kati ya seli ili utepe upate pa kujikunja.

Kisha tabaka hupangwa: kioo, shiti ya EVA, seli, shiti nyingine ya EVA, na mwisho karatasi ya nyuma isiyopitisha maji. EVA ni plastiki ileile iliyopakwa ndani ya karatasi zinazofunikia vitambulisho katika maduka ya stesheneri, ila ya sola huchanganywa na dawa ya kuikomaza, yaani kuifanya isiyeyuke tena. Kiwandani, mashine hunyonya hewa kwanza, ndipo hupasha hadi nyuzi 140 au 150 za Selsiasi kwa dakika kadhaa. Chini ya nyuzi 100 EVA huyeyuka na kushika. Hukomaa kwenye joto la juu pekee. Hapo ndipo wengi hudanganyika. Anayetumia bomba la hewa moto huona shiti imekuwa angavu na seli zimekaa, akadhani kazi imekwisha. Paneli iliyo juu ya bati hufikia nyuzi 60 hadi 70 mchana, na EVA isiyokomaa hulegea, huachia kioo na kuingiza unyevu. Unyevu ukiingia, plastiki hiyo hutoa asidi ya siki, na viungo vya shaba huliwa taratibu.

Njia ya gharama ndogo inayofaa zaidi ni mfuko wa ombwe uliotengenezwa kwa plastiki inayostahimili joto, ukanyonywa hewa kwa kompresa ya friji kuukuu, kisha ukaingizwa kwenye oveni. Kompresa ibaki nje, na unyonyaji uanze kabla EVA haijalainika, vinginevyo mapovu hubaki. Oveni ya jikoni ni ndogo, kwa hiyo paneli hizi huwa za wati chache tu. Wasio na oveni humimina silikoni angavu ya sehemu mbili kama Sylgard 184, ambayo hukauka bila kupashwa, lakini ni ghali. Gundi ya silikoni ya madirishani yenye harufu ya siki isikaribie seli. Asidi yake ndiyo adui yuleyule.

Jijini Nairobi, vijana wa Kibera Community Youth Programme waliunganisha paneli ndogo za kuendeshea redio na kuchajia simu katika miaka ya 2000, wakati paneli za madukani zilikuwa ghali. Hesabu hiyo imegeuka. Seli zilizokuwa dola 76 kwa wati mwaka 1977 leo ni senti tu, na Naivasha imekuwa na kiwanda cha paneli tangu 2011. Kwa wati 100 na zaidi, kununua ni nafuu kuliko kuunda, na anayeahidi vingine hajapiga hesabu ya oveni, umeme na seli zitakazovunjika. Kuunda kunabaki na maana kwa paneli zenye umbo lisilouzwa, kama la kifuniko cha taa au paa la mkokoteni, na kwa karakana za kufundishia.

Upimaji hufanywa juani kabla ya oveni. Mita ikisoma volti 21 kwa seli 36 bila mzigo, isiaminiwe peke yake, maana seli yenye ufa bado huonyesha volti zake. Upungufu huonekana kwenye ampea. EVA iliyokomaa haiyeyuki tena, na seli mbovu iliyofungiwa ndani haitoki bila kuvunjika.