Walokole: wokovu uliotoka kwenye njaa

Hospitali ya Gahini iko kilimani, ikitazama Ziwa Muhazi, mashariki mwa Rwanda. Mwaka 1928 na 1929 mvua ziligoma kunyesha, na njaa ambayo Wanyarwanda waliipa jina la Rwakayihura ikawafukuza watu makwao kwa maelfu, wakielekea Uganda na Tanganyika. Wengi waliishia njiani. Dakta Joe Church, kijana wa Kiingereza aliyekuwa bado mgeni pale, alijikuta hangaiko lake kubwa ni chakula kuliko dawa. Kufikia Septemba 1929 alikuwa amechoka mwili na imani. Akaenda Kampala kupumzika.

Huko, kwenye kilima cha Namirembe, alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa na kazi nzuri serikalini. Wakakaa siku mbili wakisoma Biblia pamoja, Mzungu na Mwafrika, kila mmoja akimweleza mwenzake upungufu wake. Kwa enzi zile za ukoloni, kukaa hivyo peke yake lilikuwa jambo geni. Baadaye Nsibambi aliacha kazi, akawa anahubiri pekupeku.

Masimulizi mengi ya Uamsho wa Afrika Mashariki, vuguvugu la toba ambalo watu wake huitwa Walokole, yaani waliookoka, huanzia kwa wawili hao. Mimi ningeanzia kwa Yosiya Kinuka, kiongozi wa wauguzi pale Gahini. Hospitali ilikuwa imejaa manung'uniko: Waafrika wamewachoka Wazungu, Wazungu nao hawaridhiki na kazi. Kinuka alipofika kwa Nsibambi na kuulizwa habari za Gahini, akamwaga malalamiko yote. Nsibambi akamsikiliza, kisha akamwambia ubaya huo chimbuko lake ni moyo wake yeye Kinuka. Maneno makali kwa mtu aliyekuja kutafuta faraja! Lakini kabla safari ya kurudi haijaisha Kinuka alikuwa ametubu, na alipofika alianza kukiri makosa yake mbele ya wenzake.

Desemba 1933, katika mkutano wa maombi papo hapo Gahini, mtu mmoja alisimama akaungama dhambi zake. Akafuata mwingine, kisha wawili watatu kwa mpigo, na kikao hakikufungwa hadi zaidi ya saa mbili zikapita.

Hapo ndipo ulipopatikana mtindo uliosambaa hadi Buhaya na Ukikuyu. Watu wachache hukutana kila wiki, nyumbani kwa mtu au kanisani. Ndugu husimama, akasalimu "Bwana asifiwe", akasema lililompata: ameiba, amegombana na mkewe, ana woga. Akimaliza huimbiwa Tukutendereza, wimbo wa Kiganda unaoimbwa hata na wasiojua Kiganda. Halafu kesho yake anakwenda kurudisha alichoiba. Ushirika haukuwa na daftari la wanachama wala ofisi, na wenyewe walibaki ndani ya makanisa yao, Waanglikana kwa Walutheri. Wakubwa wa makanisa hawakupendezwa na watu wanaowaita watubu hadharani. Mwaka 1941 chuo cha wachungaji cha Mukono, Uganda, kiliwafukuza wanafunzi 26, akiwamo William Nagenda, kwa kung'ang'ania maombi ya alfajiri na mahubiri waliyokatazwa.

Mtihani mzito ulikuja Kenya, hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952. Mlango ukibishwa usiku, mwenye nyumba hajui ni watu wa msituni au askari. Walokole walikataa kiapo cha Mau Mau, wakisema wamekwisha kunywa damu ya Kristo na hawawezi kunywa nyingine. Wengi wao walikataa pia bunduki za serikali, wakawa hawana pa kuegemea ila wao kwa wao. Baadhi waliuawa. Sioni haki kuwageuza wao peke yao mashujaa wa simulizi hili, kwa sababu waliokula kiapo walikuwa wakidai ardhi iliyoporwa, na machoni pa majirani wengi wokovu ulikuwa njia ya kukwepa vita vya nchi. Lakini kumkatalia mwenye panga na mwenye bunduki kwa pamoja si kazi ya mwoga.

Uganda nako, Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeokoka mwaka 1948, aliuawa chini ya Idi Amin mnamo Februari 16, 1977. Mlokole mwenzake, Askofu Festo Kivengere, alivuka milima kwa miguu usiku hadi Rwanda, na mwaka huohuo akatoa kitabu cha kueleza kwa nini anampenda Amin. Sijui wangapi kati yetu wangeweza hata kukipa kitabu jina hilo.

Rwanda yenyewe ndiyo inayonitatiza. Maungamo ya wokovu yalimhusu mtu na jirani yake: mbuzi aliyeibwa, uongo, chuki ya nyumbani. Chuki iliyopangwa na dola, yenye redio na orodha za majina, haikuwa na wa kuisimamia kikaoni akaiungama. Katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 watu walikimbilia makanisani kama walivyozoea, wakauawa humohumo. Samuel Musabyimana, askofu wa Kianglikana wa Shyogwe, alikamatwa Nairobi mwaka 2001 na kushtakiwa kwa mauaji ya kimbari katika mahakama ya kimataifa ya Arusha. Alikana mashtaka, na akafariki kizuizini mwaka 2003 kabla kesi yake haijasikilizwa.