Rob Glaser na Sauti Inayotiririka

Rob Glaser alifanya kazi Microsoft kwa miaka kumi kabla ya kuanzisha kampuni yake, Progressive Networks, mjini Seattle mwaka 1994. Mwanzoni alikusudia kusambaza maudhui ya siasa za kimaendeleo, na jina la kampuni lilitokana na hilo. Siasa zikasahaulika upesi. Kilichobaki ni njia ya kusambazia.

Wakati huo kusikiliza sauti kwenye intaneti kulihitaji subira. Modemu ya kawaida ilipitisha kilobiti 14.4 kwa sekunde, ilhali sauti ya kiwango cha simu, isipobanwa, huhitaji 64. Dakika moja ya mazungumzo ilichukua zaidi ya dakika nne kupakuliwa, na hakuna kilichosikika mpaka faili lote lifike. RealAudio, programu ya Progressive Networks iliyotoka Aprili 1995, iliibana sauti ikaenea katika njia hiyo nyembamba, ikajiwekea akiba ya sekunde chache, kisha ikaanza kuicheza huku sehemu iliyobaki ikiendelea kuingia. Sauti ilikwaruza, lakini ilisikika papo hapo. Septemba 5, 1995, mechi ya besiboli kati ya Seattle Mariners na New York Yankees ilitangazwa mubashara kwa njia hiyo.

Wasikilizaji walipewa programu bure. Waliolipa ni warushaji matangazo, walionunua programu ya seva kwa bei iliyopanda kadiri wasikilizaji wa wakati mmoja walivyoongezeka. Mwaka 1997 video iliongezwa, kampuni ikaitwa RealNetworks na hisa zake zikaingia sokoni.

Hapo ndipo Microsoft ilipoanza kugawa programu ya namna hiyo pamoja na Windows, na anayeuza hana ujanja mbele ya anayegawa. Mwaka 1998 Glaser aliilalamikia Microsoft mbele ya kamati ya Seneti ya Marekani. Desemba 2003 akaishtaki. Shauri liliisha 2005 kwa makubaliano ya dola milioni 761, zaidi ya mapato ya RealNetworks ya mwaka mzima.

Mwaka huohuo ilizaliwa YouTube, iliyoonyesha video ndani ya kivinjari kwa kutumia programu-jalizi ya Flash. RealPlayer, programu ya RealNetworks ya kusikilizia na kutazamia, ambayo tayari ilikuwa imewachosha wengi kwa matangazo yake, ikapoteza nafasi. Rhapsody, huduma ya muziki wa kulipia kwa mwezi ambayo RealNetworks iliinunua 2003, iliitangulia Spotify kwa miaka kadhaa bila kupata umaarufu wake.

Glaser aliacha uongozi 2010, akarejea 2012, na Desemba 2022 akaichukua kampuni na kuiondoa kwenye soko la hisa.