Waliotumwa na Waliorudi: Habari ya Malezi Yaliyokatika Mwaka wa 2020



Historia ya Kanisa letu la kandokando ya Tanganika huandikwa kwa majina ya waliofika. Twajua misioni ya Mpala, iliyoshikwa na Mapadri Weupe mwaka wa 1885. Twajua Baudouinville, iliyoanzishwa mwaka wa 1893, ambayo leo ni Kirungu ya Moba. Twajua Padri Stefano Kaoze, Mkongo wa kwanza kupata upadri katika nyakati hizi, tarehe 21 mwezi wa 7 mwaka wa 1917. Lakini kando ya majina hayo wako wengine ambao safari yao ilikatika njiani, na habari zao husemwa kwa sauti ndogo. Katika mwaka huu wa Jubilei tumeona ni haki kueleza habari ya mmoja wao, mwana wa parokia hii. Jina lake tunaliacha, kwa kuwa mwenyewe yu hai na hakupenda litajwe.

1. Jamaa iliyozaliwa wakati wa ugonjwa

Kabla ya kusema juu yake, yafaa tukumbuke ya kwamba magonjwa makubwa na kazi ya misioni vimekutana mara nyingi. Lavigerie alipofika Algeri mwaka wa 1867 kuwa askofu mkuu, alikuta nchi imekauka. Njaa ilikuwa kali, na pamoja nayo zilikuja kolera na tifusi. Watoto yatima waliokusanywa na Kanisa walizidi elfu moja. Watu wa kuwalea walikuwa wachache mno. Hapo ndipo vijana watatu wa seminari kubwa ya Kouba walipojitoa kwa kazi ya misioni, na mwaka wa 1868 malezi ya wamisionari wa kwanza yakaanza. Hivyo jamaa ya Mapadri Weupe, waliowabatiza babu zetu, ilizaliwa katikati ya ugonjwa.

Miaka kumi baadaye, mwaka wa 1878, wamisionari kumi waliondoka kwenda nchi za Maziwa Makuu. Mmoja wao, Padri Pascal, alikufa kwa homa mwezi wa 8 mwaka uleule, kabla hajaliona ziwa. Wenzake waliendelea, na mwanzoni mwa mwaka wa 1879 wakafika Ujiji. Hakuna mtu anayesema leo ya kwamba Padri Pascal hakutumwa kwa sababu hakufika.

Hata huku kwetu malezi yaliguswa na ugonjwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale yalishambulia watu wa kandokando ya ziwa, vijiji vikahamishwa, na wanafunzi wa seminari ndogo wakaondolewa Mpala wakapelekwa Lusaka ya milimani. Masomo yalisumbuliwa, lakini mbegu haikufa.

2. Mwana wetu anatumwa

Kijana tunayemsema alizaliwa katika mojawapo ya jumuiya zetu za msingi, mtoto wa kwanza wa mvuvi na mama muuzaji wa ndakala. Alipopata diploma ya Serikali aliomba kuingia katika jamaa moja ya wamisionari. Alisoma falsafa, akafanya mwaka wa novisia, akaweka nadhiri za kwanza. Kisha wakubwa wake wakamtuma Italia, ajifunze lugha mwaka mmoja, halafu aanze teolojia kwa kujitayarisha kwenda misioni za mbali.

Jambo hili liliwafurahisha wakristu wote. Kwa miaka mingi sisi tulikuwa watu wa kupokea wamisionari. Wasaverian walifika Kivu toka Italia mwaka wa 1958, na damu ya watatu kati yao, Luigi Carrara, Vittorio Faccin na Giovanni Didonè, ilimwagika Baraka na Fizi tarehe 28 mwezi wa 11 mwaka wa 1964, pamoja na damu ya Padri Albert Joubert, mzaliwa wa Moba. Sasa parokia ilikuwa inarudisha deni: mwana wa ziwa alikwenda katika nchi ile iliyotutumia wana wake. Kwa hiyo kila jumuiya ilitoa chochote. Mmoja alileta mawese, mwingine unga wa mihogo, vikauzwa sokoni. Fedha hiyo ilisaidia kulipa pasiporti, ambayo wakati ule iligharimu dola 185, na kumnunulia koti la baridi. Aliondoka mwezi wa 9 mwaka wa 2019, baada ya Misa ya kumwombea baraka.

3. Miezi ile ya mwaka wa 2020

Nyumba aliyopokewa ilikuwa kaskazini mwa Italia. Humo walikaa vijana wachache wa mataifa mbalimbali pamoja na mapadri wazee waliorudi toka misioni. Asubuhi alikwenda kwenye masomo ya lugha. Jioni alisaidia wazee, akisukuma viti vyao vya magurudumu bustanini. Mzee mmoja, aliyefanya kazi Kivu miaka mingi, alifurahi sana kupata mtu wa kusema naye Kiswahili.

Mwezi wa 2 mwaka wa 2020 ugonjwa wa Korona ulionekana katika mji wa Codogno, katika jimbo la Lombardia, ukaenea upesi. Tangu tarehe 10 mwezi wa 3 watu wa Italia yote waliamriwa kubaki nyumbani. Tarehe 11 Shirika la Afya la Dunia likatangaza ya kwamba ugonjwa huo umeenea ulimwenguni. Misa za hadhara zilikuwa zimesimamishwa, hata Misa za mazishi. Tarehe 27 mwezi ule Papa Fransisko, aliyefariki mwaka wa 2025, alisali peke yake mbele ya uwanja mtupu wa Mtakatifu Petro, na mvua ikinyesha.

Nyumba za wazee ziliumia kupita zote. Kufika mwezi wa 4 mapadri zaidi ya 100 walikuwa wamekufa katika Italia. Nyumba mama ya Wasaverian, iliyo Parma, ilipoteza mapadri wengi katika majuma machache. Katika nyumba ya mwana wetu pia kifo kiliingia. Masomo ya lugha yalifungwa, na vijana wakawa watumishi wa wagonjwa. Walipika, wakaweka sahani mbele ya kila mlango, wakagonga, wakarudi nyuma. Walifua mashuka. Waliandika majina ya dawa kwenye karatasi ili wasikosee.

Yule mzee wa Kivu naye alishikwa. Hakuna aliyeruhusiwa kuingia chumbani mwake ila muuguzi. Siku tatu mfululizo mwana wetu alikaa chini nje ya mlango, akasali rozari kwa Kiswahili kwa sauti kubwa, na mzee alijibu toka ndani kadiri alivyoweza. Siku ya nne hakujibu. Sanduku lilitolewa bila Misa wala wimbo. Kijana alisimama dirishani akafanya ishara ya msalaba. Alikuwa mtu wa mwisho kumsikia mmisionari yule akisali katika lugha ya watu aliowabatiza.

4. Njia ya kurudi

Huku kwetu mgonjwa wa kwanza wa Korona alitangazwa Kinshasa tarehe 10 mwezi wa 3, na tarehe 24 Serikali ikatangaza hali ya dharura. Makanisa yalifungwa, mipaka ikafungwa. Katika taabu hiyo, usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 mwezi wa 4, mvua kubwa ilijaza mito ya Uvira. Makumi ya watu walikufa, na maelfu ya nyumba yalibomoka. Nyumba ya wazazi wa kijana ilikuwa kati ya hizo. Habari alizipata kwa simu, akiwa bado anahudumia wagonjwa wa watu wengine, pasipo ndege wala njia ya kurudi.

Mwishoni wakubwa wake waliona ya kuwa nyumba ile haiwezi tena kulea vijana: wazee wengi wamekufa, waliobaki ni dhaifu, na masomo hayajulikani yatafunguliwa lini. Wakaamua kila kijana arudi kwao, angoje. Ndege za kawaida zilipoanza tena katika Kongo, katikati ya mwezi wa 8, alitafutiwa nafasi, na mwezi wa 9 akafika: mwaka mmoja kamili tangu alipoondoka.

Hapa twapaswa kusema ukweli bila kuuficha. Siku kumi na nne alikaa peke yake, kama ilivyoagizwa, na hata baada ya hapo wako waliokataa kumpa mkono. Wengine walisema ameleta ugonjwa. Wengine walinong'ona ya kwamba Korona ni kisingizio tu, amefukuzwa. Wako pia waliouliza habari ya mawese yao na mihogo yao. Mama yake alisikia maneno hayo sokoni, akauza ndakala zake akanyamaza.

Mwaka uliofuata alipewa nafasi ya kuendelea katika nchi nyingine ya Afrika. Alisali, akashauriana na padri wake wa kiroho, na kwa unyenyekevu akaomba kufunguliwa nadhiri zake zilipoisha. Baba alikuwa amedhoofika, nyumba haijajengwa, wadogo wanne walikuwa wamefukuzwa shuleni kwa kukosa karo. Wakubwa wake walimkubalia kwa barua ya shukrani. Leo ni mwalimu, na tangu mwaka wa 2022 anaongoza kikundi cha kutembelea wagonjwa wa parokia. Mtu akiugua ugonjwa wa kuogopwa, wanamwita yeye kwanza, kwa maana hasimami mbali na mlango.

5. Je, kazi imepotea?

Swali hili lastahili jibu, maana walioliuliza si watu wabaya. Maskini akitoa, ana haki kujua sadaka yake imekwenda wapi.

Tujibu kwa historia. Huko Malta, tangu mwaka wa 1881, Kardinali Lavigerie aliweka nyumba ya kuwafundisha vijana Waafrika waliokombolewa utumwani, wapate kuwa waganga na makatekista. Mmoja wao, Adriano Atiman, mzaliwa wa nchi za Timbuktu, alifika Karema, ng'ambo ya ziwa letu, mwaka wa 1889. Hakuwa padri. Alitibu wagonjwa na kufundisha dini mpaka kufa kwake mwaka wa 1956, miaka 67. Ile nyumba ya Malta ilifungwa mwaka wa 1896, na mtu wa hesabu angeweza kusema haikufaulu. Watu wa Karema wasingekubali.

Na Kapitani Joubert, aliyekuja kuwalinda watu wa Mpala juu ya wakamataji wa watumwa, naye hakuwa padri. Alioa binti wa huku, akalima, akatibu, akafundisha, akafa Moba mwaka wa 1927. Padri Albert Joubert, tuliyemtaja juu, ni wa jamaa yake. Tarehe 18 mwezi wa 8 mwaka wa 2024, pale Uvira, Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri pamoja na wenzake watatu. Mzizi wa tunda hilo la upadri ulikuwa nyumba ya mlei.

Basi mawese na mihogo ya parokia havikupotea. Vilimpeleka kijana mpaka kwenye mlango wa mzee aliyekuwa anakufa peke yake. Vilifanya ya kwamba mmisionari aliyetoka Ulaya kuja kutuzika sisi, azikwe angalau kwa sala ya mmoja wetu. Na vilimrudisha mtu aliyejifunza, katika miezi michache, somo ambalo wengine hawalipati kwa miaka ya teolojia: kukaa na mgonjwa bila kukimbia.

Hatusemi ya kwamba kukatika kwa malezi hakuumizi. Kunaumiza. Yeye mwenyewe hulihifadhi koti lile la baridi, asilolihitaji kamwe katika joto la ziwa, na hakubali kuliuza. Twaheshimu uchungu huo. Lakini wito ni sauti ya Mungu, wala hauishi siku ile shule inapofungwa.

6. Ombi letu

Mwishoni mwa kitabu hiki mtakuta orodha ya wana wa parokia waliopata upadri na walioweka nadhiri. Baada ya kufikiri, kamati ya Jubilei imekubali iongezwe sehemu moja, yenye kichwa hiki: «Waliotumwa, wakarudi kututumikia». Kwa sasa haina majina, ila hesabu tu: watu saba, wanaume kwa wanawake, waliorudi kwa sababu ya ugonjwa, vita, au mzigo wa nyumbani. Atakayependa jina lake liandikwe alilete kwa padri paroko.

Tena twawaomba ninyi wazazi, wakubwa wa jumuiya na makatekista: mtoto anapotumwa, tumsindikize kwa ngoma. Anaporudi, kwa sababu yoyote iliyo ya haki, tumpokee kwa ngoma vilevile, na jumuiya yake iandae chakula siku hiyo. Kusindikiza tu ni nusu ya kazi.

Mwenyezi Mungu awape pumziko wote waliokufa katika ugonjwa ule bila Misa na bila wimbo, na awape nguvu wale ambao safari yao ilikatika.

Tumsifu Yezu Kristu. Milele na milele. Amina.