Kikombe cha mfuto kutoka Boston

Chovya kikombe kwenye mfuko wa unga wa ngano, ufute juu kwa kisu, kisha uupime unga huo kwenye mizani. Utapata gramu 140, pengine 150. Sasa uchekeche, ujaze kikombe kilekile kijiko kwa kijiko bila kukitikisa, ufute tena. Safari hii ni gramu 115 hivi. Tofauti hiyo inatosha kukupa keki kavu, na lawama zote atazibeba aliyekupa mapishi.

Vitabu vya mapishi vya Marekani vya karne ya 19 vilikuwa na makadirio mabaya zaidi: kikombe cha chai cha sukari, siagi ukubwa wa yai. Yai la kuku gani, hakuna aliyesema.

Aliyeshika bango la kupima sawasawa ni Fannie Farmer wa Boston. Alipooza akiwa na miaka 16 na masomo yake yakakatika. Alikuwa na miaka 30 hivi alipojiunga na shule ya mapishi ya mji huo, iliyofunguliwa mwaka 1879, na baadaye akaja kuwa mkuu wake. Mwaka 1896 alipeleka kitabu chake kwa wachapishaji Little, Brown. Hawakuwa na imani nacho, wakamtaka agharimie mwenyewe nakala 3,000 za kwanza. Kitabu kikauzwa miaka na miaka. Amri yake ilikuwa fupi: unga uchekechwe kwanza, kikombe kisishindiliwe wala kutikiswa, kisha kifutwe kwa kisu.

Muuza nafaka wa pwani yetu angemwelewa mara moja. Alipimia kwa kibaba. Vibaba 2 ni kisaga, vibaba 4 ni pishi. Kibaba kilichofutwa juu kiliitwa cha mfuto, chenye kilima kikaitwa cha tele, na bei ilipatanwa kwa kujua ni kipi. Karafuu zilikwenda kwa frasila, yaani kwa uzito. Mwenye mizani na mwenye kibaba walikuwa katika soko moja.

Kilo zilipokuja, kibaba kikabaki kwenye methali na pishi ikabaki kwenye fitra. Kila mwisho wa Ramadhani watu huuliza pishi ya mchele ni kilo ngapi. Wengine huambiwa 2.5, wengine 3. Si ajabu, kwani pishi ni ujazo, na mchele, ngano na tende havilingani uzito humo ndani.

Kikombe cha Marekani ni mililita 237 hivi, cha Australia 250. Kile cha chai kilichopo kabatini kwako huenda si chochote kati ya hivyo. Kwa sukari na siagi kikombe cha Marekani hakina ugomvi mkubwa: gramu 200 na gramu 227. Kwa unga, tumia mizani.